Shukrani za Baba

Wiki iliyopita nilikwenda kijiji cha Misiera kununua chumvi, nikakuta duka limefungwa nusu mlango. Ilikuwa saa sita mchana, na mwenye duka, Mkongomani, alikuwa amepiga magoti na watu wake kwa sala ya Malaika wa Bwana. Binti yake akanichungulia. "Mama, ngojea kidogo. Papa iko anaomba, na leo iko na maneno mingi." Nikangoja. Yule baba alipomaliza sala ya kitabuni akaanza ya kwake: akamshukuru Mungu kwa mke, kwa watoto, kwa mizani, kwa pikipiki. Nikaondoka bila chumvi.

Baba yangu naye alisali hivyo, rafiki yangu. Miaka ile ya themanini tulikuwa tumefukuzwa Mbarara pamoja na Wanyarwanda wengine, tukasukumwa hadi makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Mbarara baba alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la mfanyabiashara mmoja Mwislamu, akishona viraka vya magwanda ya askari wa kambini. Siku ya kufukuzwa alibeba kichwa cha cherehani kichwani mwake, meza yake akaiacha. Akatengeneza nyingine kwa miti, ikawa inacheza kila alipokanyaga, na mishono yake ikaenda upandeupande. Watu wakacheka, baba naye akacheka nao.

Jioni, baada ya viazi vitamu na maharage, tulisali rozari. Kisha baba aliinamisha kichwa akaanza shukrani zake, na hapo hakuna mtoto aliyesinzia. Alianza na mama. Halafu mimi, kifungua mimba. Halafu, kwa sauti ya chini kabisa, ng'ombe wa Masha. Halafu mdogo wangu wa kiume, halafu wadogo zetu wawili wa kike. Ndipo cherehani, redio ambayo betri zake tulizianika juani kama mtama, ubao wa kisoro, yaani bao la kete, aliouchonga mwenyewe, kiko chake, na kikombe cha bati ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukinywea. Mama alipofariki akimzaa kitinda mimba, baba hakumwondoa wala hakumsogeza. Aliendelea kumshukuru Mungu kwa ajili yake kana kwamba yuko jikoni.

Mdogo wangu aliumia kuwekwa nyuma ya ng'ombe. Nami, kwa kuwa nilikuwa mbele, sikumwonea huruma. "Nenda ukamsalimie mkubwa wako wa Masha," nilimwambia, "umuulize kama amelala salama." Alilia hadi makamasi yakafika kidevuni. Alikuwa na miaka tisa. Nilifurahi kumliza.

Huyo ng'ombe nikueleze. Kwetu mtu hafugi ng'ombe wote mahali pamoja. Mmoja unampa rafiki wa mbali amchunge, kama baba alivyompa rafiki yake wa kijiji cha Masha; yeye anakunywa maziwa, ndama mnagawana. Na ng'ombe wa namna hiyo hatajwi mbele za watu, hata mbele ya ndugu. Baba alimtaja kwa Mungu tu, mlango ukiwa umefungwa. Mimi nilidhani ile sauti ya chini ni uchaji.

Homa ilimchukua baba kwa siku tatu. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la sita.

Siku ya kuanua matanga baba mdogo alikuja kutoka Biharwe, karibu na Mbarara. Yeye alikuwa ameoa kwa wenyeji, kwa hiyo hakufukuzwa, na muda wote tuliokaa Nakivale hakuwahi kuja kutuona. Watu walijaa uani. Katekista akasema, "Binti mkubwa, tusalie sala ya baba yako, ile ya shukrani, tumkumbuke." Nikasimama. Nilikuwa na sauti nzuri na nilijua ninasikilizwa. Nikaitoa yote kwa mpangilio wake, nikamwiga baba hata pale alipokuwa akikohoa. Wanawake wakalia. Nilipomaliza, baba mdogo akainua mkono.

"Rudia pale pa tatu. Baada ya wewe kuna nani?"

"Ng'ombe wa Masha."

"Kwa nani huko Masha?"

Nikamtaja yule rafiki wa baba. Nilidhani anataka kulia vizuri.

"Asante, mwanangu," akasema. "Umesali vizuri sana."

Katekista alifunga kitabu chake bila kunitazama. Baadaye sana aliniambia kwamba yule rafiki wa baba kutoka Masha alikuwepo pale uani, akingoja wageni watawanyike aje kuniita pembeni. Ng'ombe alikuwa na mimba. Angetulisha.

Baba mdogo aligawa vitu akifuata sala yangu, kimoja baada ya kingine, akinigeukia aliposahau. Cherehani kwake. Redio kwake. Kiko akampa jirani aliyechimba kaburi. Ubao wa kisoro akaugonga kwa kidole, akasema utafaa kuwashia moto. Kisha akatufikia sisi. Wasichana wawili wangekwenda kwa ndugu wa mkewe, wakikua walee watoto, mvulana Biharwe kuchunga.

Nikakaa kizingitini, kitinda mimba mapajani, mwingine nimemshika nguo. "Hawa hawatoki."

"Utawalisha nini? Sala?"

Watu wengine walicheka. Sikuondoka. Mwishowe mkewe akasema, "Waache, hao wawili bado ni midomo tu." Mvulana, mwenye miguu ya kukimbia, akachukuliwa. Walipitia Masha kumchukua ng'ombe, na mdogo wangu akapewa fimbo atembee nyuma yake hadi Biharwe.

Shule niliiacha wiki hiyohiyo. Nililima mashamba ya watu ili nilipwe viazi na maharage, na wadogo zangu niliwalaza pembeni mwa shamba juu ya majani ya migomba. Nilikuwa na neno moja tu kichwani: kumrudisha yule mvulana. Mavuno ya pili nilitembea siku mbili, kitinda mimba mgongoni, mwenzake nimemshika mkono. Nikamkuta malishoni, visigino vimepasuka. Nikamwambia nimekuja kumchukua. Alinitazama kama unavyomtazama mtu anayeuliza njia.

"Ni wewe uliyesema," akasema, akafuata ng'ombe wake.

Nilirudi peke yangu na wasichana wangu. Kisha vita vikapita barabara ya Masaka, na wavulana wengi wakaondoka na askari. Yeye naye akaondoka. Hatukumwona tena.

Wadogo zangu wa kike wamekuwa watu wazima, wana nyumba zao. Nimewauliza kama wanamkumbuka kaka yao, na wananijibu kwa adabu, ndiyo, dada, lakini naona hawamkumbuki. Picha hatukuwa nayo. Mimi mwenyewe nikifumba macho nayaona makamasi na visigino. Katikati hapana kitu.

Baba mdogo yuko kwangu huu ni mwaka wa nne. Mkewe alikufa, watoto wake walimtoa nje kama gunia, akaletwa hapa juu ya pikipiki. Majirani wanasema nina moyo wa Kikristo. Sina. Namkorogea kwa mikono hii hii uji wa mtama, namwogesha, namgeuza, na kila asubuhi kabla sijampa kijiko namwuliza.

"Mdogo wangu alikuwaje ile siku aliyoondoka?"

"Nimeshakuambia, binti."

"Niambie."

Basi ananiambia: shati la kaki lisilo na kifungo cha juu, kovu dogo juu ya jicho la kushoto, jino la mbele lililoota likipandia jingine, namna alivyoiweka fimbo juu ya kichuguu akapanda lori bila kugeuka. Siku nyingine kovu linahamia jicho la kulia. Juzi jino hakulitaja kabisa. Nilishika bakuli mbali na mdomo wake hadi alipolikumbuka.