Nati Nyuma ya Mgongo wa Fundi

Fundi wa magari alijibu kila swali kwa mguno, na miguno ilikuwa imemchosha mkunga mwenye gari. Tangu fundi alipomfungia bomba pana la hewa ili gari lipande milima upesi, injini ilinguruma hata gari likiwa limesimama, mara juu mara chini, kama mtu mwenye homa. Mkunga aliogopa lisije likamkwamisha njiani huku mzazi anamsubiri.

Fundi, kitambaa begani, alidondosha maji kwenye kila kiungo cha bomba, akatega sikio, akaguna. "Ananizungusha huyu," mkunga akajisemea. Maji yalipoziba kiungo cha mwisho, ngurumo ikashuka. Fundi akakikinga kwa mgongo, mkunga asione, akazungusha spana, injini ikatulia tuli.

"Umefanya nini hapo nyuma?"

Fundi akafuta vidole vyake kimoja kimoja. Kisha akailegeza tena nati, na gari likapiga kelele upya.

"Sogea uone, dada. Hewa inapenyea hapa. Nati hii niliifunga mimi, sikuikaza."

Mkunga alikuwa na maneno makali tayari mdomoni. Akayameza, akamshikia tochi.