Robe ya Kijani na Kikombe cha Mkwe

Kiangazi cha mwaka 2023, nikiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, mjane wa miaka kumi na minne, fundi wa nguo ambaye brevet yake, cheti cha ufundi, imetundikwa ukutani ndani ya kioo, nilianguka chini mbele ya ukumbi mzima na keki ya arusi ikaniangukia kichwani. Naanza na hilo kwa sababu wengi wenu mmekwisha kuliona katika simu zenu, na sipendi mtu ajifanye ananisikiliza huku anangoja tu nifike kwenye keki. Ndiyo, yule ni mimi. Aibu naikubali. Nisichokubali ni maneno ambayo watu wa mji huu wameyaongeza juu ya aibu hiyo, na kwa sababu hiyo nayapanga mambo yote hapa kwa utaratibu wake na kwa tarehe zake.

Mume wangu alifariki tarehe 3 Machi 2009, akaniachia watoto wanne na mashine moja ya kushona yenye kitabu cha maelezo ambacho sikuweza kukisoma. Niliingia darasa la watu wazima tarehe 6 Septemba 2010, nikiwa na miaka arobaini, na brevet ya ushonaji niliipata Julai 2014. Tangu hapo nina atelier yangu, chumba changu cha kushonea, Kadutu, karibu na soko, na kila jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu, nawasha televisheni ndogo iliyo juu ya kabati la vitambaa na kutazama novela, tamthilia ya mfululizo. Siombi radhi kwa hilo. Wapo watu (baadhi yao ni wa shirika letu la parokia, nami nawajua) wanaosema kwamba mjane wa umri wangu angeshika rozari saa hiyo. Rozari naisali saa kumi na moja alfajiri, nao wakati huo bado wamelala. Novela inanipa kitu ambacho mtu asiyeshinda siku nzima ameinamia pindo za nguo za watu hawezi kukielewa: naona kola, naona kiuno, naona namna bega linavyokaa mwanamke anapogeuka kwa hasira, nachora katika daftari, naandika tarehe pembeni, na kesho yake mikono yangu inaamka ikiwa na hamu ya kazi. Ni furaha yangu, na ni shule yangu pia.

Sasa, katika novela ya mwaka huo alikuwamo mwanamke aitwaye Leonida, ambaye kwa sehemu zaidi ya sitini alionewa na kila mtu, akavumilia kwa upole uliotutoa machozi sisi sote. Tarehe 5 Juni alitokea amevaa robe ya kijani, gauni lenye kola ndefu ya kusimama, mikono iliyojaa kama mito mabegani kisha ikabana kutoka kiwiko hadi kifundo, na safu ya vifungo thelathini na viwili mgongoni. Niliichora kabla hajaketi. Nabintu, mtoto wangu wa ubatizo, muuguzi, msichana ambaye nilimshika mimi mwenyewe siku anamwagiwa maji kichwani, aliuona mchoro huo akasema palepale, juu ya sherehe ya arusi yake:

"Marraine, njo hii nitavaa ku fête. Mikono yote, na bouton zote. Usipunguze ata moja."

Sikupunguza hata kimoja. Nilishona kwa wiki tano.

Arusi ilikuwa Jumamosi tarehe 22 Julai. Ijumaa tarehe 21, saa kumi na mbili na dakika ishirini na nane (niliangalia saa kwa sababu nilikuwa tayari nimeketi), umeme wa upande wetu ulikatika. Upande wa pili wa barabara taa zilikuwa zinawaka, na Mama Furaha, jirani yangu muuza sambaza, vile visamaki vya ziwa letu, aliniita dirishani kwake: "Mama Cibalonza, kuya tuangalie kwangu!" Sikwenda. Sijazoea kukaa katika nyumba za watu kwa ajili ya televisheni, mtu akanihesabia chai niliyokunywa. Nilijiambia nitaona marudio Jumapili, nikalala. Huo ulikuwa uamuzi wangu, na ulikuwa mdogo sana.

Ieleweke pia kwamba atelier yangu ina sheria moja, na kila mteja anaijua: hakuna ruhusa ya kunisimulia sehemu ambayo sijaiona. Hakuna tabia ninayoichukia kama hiyo. Mtu amengoja siku nne ili ajue kama barua imefika, halafu mwingine anaingia kununua zipu na kutangaza mlangoni, "Barua iliungua!" Huo ni wizi, nami nimeusema hivyo mara nyingi.

Kwa hiyo Jumamosi asubuhi, nilipokuwa napiga pasi ile robe kwa mara ya mwisho, Mama Furaha alipofika akikimbia, beseni la sambaza bado kichwani, nilijua kabla hajafungua mdomo.

"Mama Cibalonza, ngoja nikuambie. Jana, Leonida..."

"Mama Furaha, acha hapo hapo. Sijaona."

"Hapana, maman, leo sheria yako iwache. Hii robe..."

"Nimesema acha!"

"Iko maneno ya nguvu, maman, sikia kwanza..."

Nikaziba masikio kwa vidole viwili nikaanza kuimba wimbo wa Bikira Maria, ubeti wa kwanza, wa pili, hadi wa nne, huku namtazama usoni. Alisimama, akatikisa kichwa kadiri beseni lilivyomruhusu, akaondoka. Midomo yake niliiona ikisema kitu, nadhani ni "utajionea".

Nilijionea.

Ukumbi ulikuwa mtaa wa Nguba, umepambwa vizuri, na nilikuwa nimeketi meza ya kwanza ya upande wa bibi arusi, na kilemba changu, nikingoja pongezi. Mlango ukafunguliwa, Nabintu akaingia na mume wake Bahati, na badala ya vigelegele nikasikia ukumbi ukivuta pumzi. Nilifikiri ni uzuri (na Mungu anisamehe, nilisimama kidogo ili watu wamwone fundi). Kisha minong'ono ikaanza, kutoka meza hadi meza, na kicheko cha vijana nyuma, na akina mama wakaanza kufunika midomo yao kwa vitenge.

Ikafika saa ya kikombe. Wale wasio wa kwetu wajue kwamba bibi arusi hupiga magoti mbele ya baba mkwe na kumpa kinywaji kwa mikono miwili; baba mkwe akinywa, amempokea, na kuanzia hapo anaingia jikoni mwao kama mtoto. Na wajue pia kwamba kwetu anayempa mtu kinywaji hukionja yeye kwanza, ili mpokeaji aone kwa macho yake kwamba ni salama. Lakini siku hiyo watu wa protokole, vijana wenye glavu nyeupe, walikuwa na haraka na programu yao, wakamwambia Nabintu asionje, eti rangi ya midomo itabaki kwenye kikombe na picha itaharibika! Hilo nalitaja kwa sababu hakuna aliyewalaumu wao hadi leo.

Nabintu akapiga magoti. Muzee Murhula, baba yake Bahati, mkulima wa kahawa wa Katana, mtu wa maneno machache, akanyoosha mikono kupokea kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi. Ndipo dada yake, Shangazi Odette, akasimama upande wa pili akapiga kelele:

"Murhula, usinywe! Ni robe ya Leonida! Jana aliua mukwe wake na kikombe, sawasawa vile, amepiga magoti, robe ni ile ile!"

Hivyo ndivyo nilivyosimuliwa sehemu niliyoikosa, mbele ya watu wote.

Ukumbi ulilipuka. Wengine walicheka hadi machozi, wengine hawakucheka hata kidogo, kwa sababu kwetu sumu si jambo la mzaha na kila familia ina marehemu wake ambaye kifo chake kinasemwa chini chini. Muzee alikishika kikombe, hakukinywa wala hakukirudisha. Nabintu alikuwa bado chini amepiga magoti. Na mimi, badala ya kukaa kama mtu aliyesoma, niliondoka kwenye meza yangu.

"Aibu kwenu!" nilisema. "Watu wazima, watu wa ofisi, mnaogopa film? Kitambaa hiki nimekikata mimi! Kikombe hiki nitakinywa mimi!"

Nikakichukua mkononi mwa Muzee na kukimimina chote kooni kwa mara moja, kichwa nyuma, ili hata meza ya mwisho waone.

Kasiksi ile ilikuwa kali na yenye povu, na mwenye hasira hamezi vizuri. Nikapaliwa. Nilikohoa, pumzi ikakataa kuingia, macho yakajaa maji, nikashika shingo kwa mkono mmoja na kwa mwingine nikatafuta mahali pa kujishikilia, nikapata kitambaa cha meza ya keki. (Baadaye nilikuja kujua kwamba katika novela, yule mzee alipokuwa anakufa, naye alivuta kitambaa cha meza. Ningejuaje?) Keki ilikuwa na ghorofa tano. Nilifika chini kwanza, nayo ikanifuata. Msimamizi wa sherehe, kijana ambaye mpaka hapo hakuwa amesema neno moja la maana, akapaza sauti katika maikrofoni: "Docteur! Iko docteur humu? Maman anakufa!" Nusu ya ukumbi ikakimbilia mlangoni. Aliyekuja kunipiga mgongoni hadi pumzi ikarudi ni bibi arusi mwenyewe, muuguzi, katika robe yake ya kijani, jambo ambalo wale waliopiga video hawakulionyesha, kwa kuwa video inakatika kwenye keki.

Jumatatu tarehe 24 wateja walikuja atelier wakiwa na simu, bila vitambaa. Mwanamke mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake ambacho sikuwa nimekikata, akisema amebadilisha mawazo. Watoto wa barabarani waliniita Leonida. Hayo niliyavumilia. Lakini Nabintu alinipigia simu siku ya nne:

"Marraine, tulienda Katana kusalimia. Banilisha chakula ku salon ya bageni, sawa mugeni. Nilitaka kusaidia kuosha sahani, shangazi akaniambia, 'Wewe kaa, jikoni haujafika.'"

Hakulia. Heri angelia.

Bahati alimwendea baba yake, naye mzee akajibu: "Mi najua ni film, mutoto wangu. Siko mujinga. Lakini bantu baliona mi sikunywa kikombe. Ile kintu inarekebishwa na bantu, haiko na mimi peke yangu." Ikapangwa kikao cha familia mbili, Katana, Jumamosi tarehe 12 Agosti, na rais wa shirika letu kama mwandishi.

Tulianza saa nane mchana. Rais alikuwa amekuja na karatasi iliyokwisha kuandikwa, jambo ambalo peke yake lilinikera. Niliiomba, nikavaa miwani, nikaisoma yote wakati wao wananingoja. Mstari wa tatu ulisema: "Maman Cibalonza anakiri kwamba alishona nguo isiyofaa kwa arusi." Mstari wa nne ulitaka robe ifumuliwe.

"Mstari huu siutii sahihi," nilisema. "Nguo inafaa. Nionyesheni mshono mmoja uliopinda."

"Haiko mushono," Shangazi Odette alijibu. "Iko ile kintu inakumbusha. Fundi gani anashona robe ya muuaji, na hajui?"

"Nilipoishona hakuwa muuaji!"

"Mi nilimuambia!" Mama Furaha akasimama (alikuwa amekuja kama shahidi wangu, eti). "Nilikimbia na beseni ku kichwa! Akaziba masikio, akaniimbia! Beti ine!"

Watu wakacheka, hata upande wetu, hata Bahati. Nilimtazama Nabintu. Hakucheka, alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, karibu na mlango, mikono juu ya magoti kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Nikajiona nimesimama pale natetea mshono wakati mtoto yuko mlangoni.

"Futa mstari wa tatu," nikamwambia rais. "Andika hivi: alionywa asubuhi ya arusi na akakataa kusikia. Hilo ni kweli, na hilo nalitia sahihi."

Akafuta, akaandika. Ukabaki mstari wa nne, wa kufumua. Kabla sijafungua mdomo, Nabintu aliinuka na mfuko wake, akaingia chumba cha ndani. Alikaa huko muda mrefu, kwa sababu vifungo thelathini na viwili vya mgongoni havifungwi na mtu mmoja, hadi mama mkwe wake akainuka bila kuombwa, akamfuata. Akatoka amevaa ile robe. Akapita mbele yetu sote, akaingia jikoni bila kumwuliza mtu, akarudi na kikombe, akapiga magoti, akaonja, akameza, akafungua mdomo kidogo ili kila mtu aone, akakinyoosha.

"Baba," alisema, "hii robe ni yangu. Sitaifumua. Na hii kasiksi ni yako. Itapata moto bure."

Muzee Murhula alimtazama, akamtazama dada yake, akakipokea. Alikunywa polepole, hadi chini, akajifuta mdomo kwa kiganja.

"Robe iko ya muzuri," alisema. "Mikono tu njo mingi. Ilinigusa ku pua."

Mikono ile ilipimwa mara tatu na haina sentimita moja ya ziada, lakini nilinyamaza, na wanaonijua wanaelewa uzito wa kunyamaza huko. Tangu siku hiyo nimeapa mambo mawili: sitashona nguo ya novela yoyote kabla ya sehemu yake ya mwisho, na mtu akija mbio asubuhi akiwa na neno juu ya kazi yangu, nitamsikiliza hata kama ataniharibia utamu wa wiki nzima. Kutazama sikuacha na sitaacha. Mstari wa nne ulifutwa, na saa tisa na dakika arobaini alasiri, Jumamosi tarehe 12 Agosti 2023, tulitia sahihi, Muzee Murhula kwanza na mimi wa pili, kisha rais akauliza bibi arusi yuko wapi ili atie ya kwake, tukamsikia jikoni akibishana na Shangazi Odette juu ya chumvi.