Mradi wetu wa chuo ulivyomwaga damu mwaloni

Admin, naomba unifiche, na majina niliyotumia humu si ya kweli. Mimi ni binti wa miaka 23, mzaliwa wa Ujiji, nasoma mambo ya kompyuta mwaka wa mwisho katika chuo kimoja hapa Kigoma. Baba alifariki nikiwa mdogo. Aliyenilea na kunisomesha ni kaka yangu, nimwite Hamadi, anaendesha boti ya abiria kutoka Kibirizi. Mpaka mwezi uliopita, mtu angemsema vibaya kaka yangu ningemrukia.

Chuoni tulipewa mradi wa kutengeneza programu huria, yaani programu ambayo imewekwa wazi mtandaoni na yeyote anaweza kuichukua, akaisoma na kuirekebisha. Inafanywa kwa hatua, na kila hatua unasimama mbele za watu kuieleza: kwanza wazo, halafu michoro, halafu programu ya majaribio, mwisho iliyokamilika. Nilipangwa kundi moja na Amisi, kijana ambaye wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo. Mpole sana, hata akikosea kibonyezo anaiomba radhi kompyuta. Wazo lilikuwa lake. Injini za boti zinaibwa mno huku kwetu, wavuvi wanapigwa na kutupwa majini, na baba yake mdogo alikufa hivyo. Kwa hiyo mwenye injini anaandikisha namba yake, ikiibwa anatoa taarifa, na anayetaka kununua injini iliyotumika anaangalia kwanza kwenye simu. Tulipita kwa wavuvi wa Katonga tukaandikisha walioibiwa. Hatua mbili za mwanzo wenzetu walitupigia makofi. Kaka nilipomsimulia alicheka, "Mdogo wangu, wavuvi hawana muda na michezo yenu."

Hatua ya tatu mwalimu alitaka tuwaonyeshe watumiaji wenyewe. Tukaenda mwalo wa Kibirizi, pale boti zinapotia nanga, asubuhi, wanawake wanaanika dagaa, wapagazi wakaweka mizigo chini waje kusikiliza. Kaka naye alikuwepo, amekunja mikono. Amisi akaomba mtu ajitolee namba ya injini yake. Mzee mmoja wa Simbo, nimwite Mzee Kagoma, mkulima aliyekuwa ameanza kusafirisha mihogo kwa boti, akanyoosha mkono huku anacheka. "Jaribuni yangu wanangu, nimeinunua juzi juzi tu."

Nikaandika namba. Simu ikawa nyekundu: IMEIBWA, KATONGA.

Kabla sijaifunika, mtu aliyekuwa akichungulia begani kwangu alisoma kwa sauti. Sijui hata nani alianza. Ngumi ya kwanza ilimwangusha mzee kwenye dagaa, halafu yakaja mateke, mawe, magongo. Wanawake wanalia "Mawe we! Mawe we!", yaani mama wee kwa Kiha. Amisi alimlalia mzee kumkinga, anapiga kelele, "Programu imesema injini imeibwa! Haijasema mwizi ni nani!" Wakamvunja mkono palepale, nikaona unaning'inia, wakamburuta pembeni.

Mimi nilipenya mpaka kwa mzee, nikapiga magoti. Uso wote damu. Akamwona kaka yangu amesogea, akamshika suruali kama mtu aliyeona msaada. Akasema, tena kwa sauti ndogo, "Hamadi, waambie, mwanangu. Si wewe uliyeniuzia?"

Kaka alinyanyua kafi akampiga nalo mdomoni. Jamani, nilisikia mfupa. Akampiga tena, halafu akageukia watu, "Jizi hili linataka kusingizia wenzake!" Watu wakashangilia. Alinitazama mara moja tu, akajua nimesikia. Polisi walipofyatua risasi hewani wote wakatawanyika, na kaka akakimbia nao.

Mzee Kagoma yuko hai. Taya limefungwa waya, jicho moja limekwisha, na mkewe anasema hata watoto wake hawatambui. Amisi yuko mahabusu na plasta mkononi, polisi wanasema yeye ndiye aliyechochea watu kwa kumtangaza mtu mwizi. Mama yake alikuja kwetu akakaa chini kabisa, hakutaka hata kiti. "Mwanangu, wewe ulikuwepo. Sema tu ulichokiona." Nikamjibu sikuona vizuri. Alinishukuru. Admin, alinishukuru.

Alipoondoka nilimvaa kaka mbele ya mama. Alinikaba shingo, akanigongesha ukutani mpaka nikaona giza. "Ada yako unadhani ilikuwa inatoka wapi? Kwenye nauli?" Mama alimng'ata mkono ndipo akaniachia. Nilidhani mama atakuwa upande wangu. Alinipaka mafuta shingoni huku analia, akasema, "Nina nyinyi wawili tu. Wenye injini wakimjua hatafika polisi, watamchoma moto. Nyamaza, nakuomba kwa maziwa niliyokunyonyesha."

Sasa Jumatatu ni hatua ya mwisho. Mwalimu anataka nisimame peke yangu, na ameshawaalika polisi na viongozi wa wavuvi. Kaka ananilazimisha niifute programu yote. Nimemwambia haifutiki, wanafunzi wa mikoa mingine wameshaichukua na wanaiendeleza. Akanijibu taratibu kabisa, bila hasira, "Basi wewe unafutika." Na amesema Jumatatu atakuja, atakaa mbele.

Kila nikifumba macho namsikia mzee yule anavyoita "mwanangu". Halafu naisikia sauti ya mama. Siwezi kula, shingo bado ina alama, nimejifunika mtandio hata ndani. Wale wenye mama na kaka, na wale waliowahi kufungiwa mtu wao bila kosa, semeni nami kama mdogo wenu. Nimtaje mtoto wa mama yangu mbele ya watu watakaomuua, au nimwache Amisi aoze kwa kosa ambalo nililiona kwa macho yangu? Nifanye nini? Matusi nitayasoma, lakini naombeni na ushauri, kabla ya Jumatatu.