Pétronille na Buku Yenye Tulisoma Kinyume

Pétronille ni mujukuu wangu, na juu yake sitasema uongo. Uongo ninauweka kwa majirani.

Tulikimbia vita kwetu Kpandroma yeye akiwa na miaka kumi na saba. Watu walibeba sufuria na magodoro. Mimi nilibeba kuku mumoja, na kufika kwenye muto ile kuku ikanibeba mimi. Hapa Bunia Pétronille akaanza kutwanga na kuuza sombe, majani ya muhogo, mbele ya garage, fasi magari ya Japani inashuka kutoka mupaka wa Mahagi. Ukiwasha gari, kuna sauti ya mwanamuke ndani yake anasalimia kwa Kijapani. Mafundi wanamuzima. Pétronille peke yake aliona ni haya kusalimiwa bila kuitika.

Njo alianza vile. Kila maandiko yenye ilibaki kwenye vioo na milango, aliinakili ndani ya kaye, daftari yake, akatafuta maana kwa telefone. Kwa parokia akapata buku ya grammaire, sarufi ya Kijapani, panya walikuwa wamekula mwanzo wake. Akitwanga, ananifundisha.

"Koko, kwao verbe, neno la kitendo, inakaa mwisho kabisa. Mutu anasema, anasema, na weye unangoja ujue kama alikula ao alikataa."

"Sawa babu yako akiomba musamaha," nikamujibu.

Miaka mine, kila pigo ya kinu neno moja. Majirani waliapa sombe yetu inatokota kwa Kijapani.

Kisha Assani, shofere wa Mahagi, akamuletea buku ya hadisi ya Kijapani yenye aliokota chini ya kiti ya gari. Mimi njo nilimuonyesha fasi ya kuanzia: "Fungua kushoto, sawa Biblia. Mungu hana njia mbili." Kila siku ya Mungu kisha misa alitutafsiria ukurasa moja. Ilikuwa hadisi ya mama wa kando ya bahari. Kwanza walimuzika, kisha akagonjwa, kisha akazaa, kisha akaolewa. Mwisho alikuwa mutoto anakimbiza panzi.

Hakuna mutu alishangaa. Kwa site yetu, kambi ya siye tuliokimbia vita, mugeni akifika hatumuulize alizaliwa wapi. Anaanza na juzi: nyumba iliungua. Tunamuuliza, nani aliijenga? Harusi ilikuwa namna gani? Tunamurudisha nyuma pole pole, hatumuache mpaka afike siku yenye alikuwa anacheka.

Mwaka huu ikapatikana fasi moja Kinshasa, ya kusomea ualimu wa Kijapani. Fasi moja, na watu arobaini wanaitaka. Aliulizwa kwa telefone, sura kwa sura, na mwalimu mumoja mama wa Japani. Mimi nilikaa nyuma yake chini ya bâche, turubai ya nyumba yetu, nikashika kuku mudomo.

Mwalimu akasema: "Nihadisie kitu ulichosoma." Pétronille akaanza na maziko. Akafika kwenye ugonjwa, mwalimu akamukata maneno. Maneno yao alinielezea kisha.

"Mademoiselle, ile buku inaanzia kuume. Umeisoma kinyume."

Pétronille akageuka, akaniangalia. Mimi nikaangalia kuku.

Kwa macho yake nilijua fasi imekwenda, na mimi njo niliipoteza. Lakini yeye akavuta pumzi, akarudia telefone:

"Mwalimu, samahani, sikujua. Lakini kwetu, mutu aliyepoteza vyote tunamuhadisisha hivi. Tunaanza na kilio, tunarudi mpaka siku njema. Ninaomba nimalize."

"Maliza," mwalimu akasema.

Akamuzalisha yule mama, akamuolesha, akamufanya mutoto, akamuachia panzi zake. Mwalimu akavua miwani.

"Ile buku nimeisoma mara kumi," akasema. "Leo njo mara ya kwanza inaisha vizuri."

Alipata fasi. Asubuhi ya kuondoka aliniachia kinu na ile buku. Sijui hata alama moja yake, lakini siku ya Mungu ninaifungua mbele ya watu, na ninasoma. Na sasa Japani nzima wanageuza mabuku yao. Kama hamuamini, muulize Assani.