Mawe ya Redio

Wajukuu wangu wakipata simu mpya, kitu cha kwanza wanachoulizana ni chaji. Hii inakaa siku nzima, ile inakaa siku mbili, hii nyingine ukiichomeka kidogo tu imejaa. Wanazisifia kana kwamba wamezitengeneza wao. Mimi hunyanyuka nikatoka nje, nao hudhani bibi yao anachukia mambo mapya. Sichukii mambo mapya. Nachukia watu wanaobana chaji, na nina sababu.

Redio yetu ya kwanza baba aliinunua Korogwe, kwenye duka la Mhindi, miaka michache baada ya uhuru. Wakati huo alikuwa kibarua Ngombezi, kwenye mashine ya kukwangua mkonge, na alirudi nyumbani Sindeni ameipakata kama mtoto. Pale dukani kulikuwa na redio ya zamani, kubwa kama kabati, yenye taa za kioo ndani. Ukiiwasha ulisubiri ipate moto ndipo iongee, na bila umeme wa ukutani haikuwa na maana. Hii yetu ilikuwa ya transista. Uliibeba kwa mkono mmoja, ikaongea papo hapo, hata shambani. Mama aliifumia kitambaa cheupe, na baba akapiga marufuku mtu kugusa vifundo vyake, isipokuwa yeye na mama.

Baba alipenda hotuba. Mama alipenda matangazo. Siku hizo redio ndiyo iliyotafuta watu: fulani wa mahali fulani, popote ulipo, baba yako ni mgonjwa, unaombwa ufike haraka. Mama aliacha kupepeta mahindi asikilize majina ya watu asiowajua, akawaonea huruma. Bibi, mama yake mzazi, aliishi Hale kwa mjomba wangu, mtumishi wa mtambo wa umeme. Alipokuja kututembelea aliketi mbele ya redio ile na mtandio kichwani, kama aliyetembelewa na wakwe. Nyumba ya mjomba ilikuwa na taa za umeme kila chumba, lakini bibi alirudi Hale akiwasimulia majirani juu ya redio ya bintiye.

Kazi ilikuwa kwenye mawe, ndivyo tulivyoziita betri. Yakichoka tuliyatoa tukayaanika juani kwenye ungo, kando ya makopa ya muhogo, na jioni yalirudiwa na nguvu kidogo. Kila nyumba yenye redio au tochi ilifanya hivyo. Umeme wa Hale ulikwenda Tanga na Dar es Salaam. Sisi majirani wa mto ulioendesha mtambo ule tulianika betri.

Kisha tukahamishiwa kijiji cha ujamaa. Nyumba ya Sindeni tuliiacha na migomba yake, tukapangwa kwa mistari kando ya barabara pamoja na watu tuliokuwa tukikutana nao gulioni tu. Baba aliamini kila neno la zile hotuba. Katika mkutano wa kwanza wa kijiji kipya alisimama, akasema redio yake sasa ni ya wote. Watu walipiga makofi. Mama alikuwa amekaa upande wa wanawake, na hakuna aliyemuuliza. Redio ikaingia ofisini pamoja na kitambaa chake.

Betri zilikuwa zimeanza kuadimika madukani. Mwenyekiti akaamua redio iwashwe kwa taarifa ya habari na hotuba tu, kisha izimwe na mlango ufungwe. Muziki aliuita anasa. Matangazo aliyaita mambo ya watu binafsi, na kijiji hakiwezi kumaliza mawe kwa shida ya mtu mmoja mmoja.

Mwaka huo bibi alikuwa akikohoa tangu masika. Mama alikwenda ofisini kumwomba mwenyekiti amruhusu kusikiliza matangazo, hata akisimama nje dirishani. Mwenyekiti alimjibu kwa upole kwamba akimruhusu yeye itabidi awaruhusu wote. Mama alirudi akamwambia baba akazungumze naye, maana redio ni yake. Baba akasema ilikuwa yake, sasa ni ya kijiji, na utaratibu ni utaratibu. Siku ile nilimchukia baba, na sioni sababu ya kulipamba neno hilo leo.

Habari ilitufikia kwa mwanamke muuza vyungu kutoka kijiji cha jirani. Alimkuta mama akipalilia kwenye shamba la ujamaa, akashangaa, akamuuliza kama ameshakwenda Hale na kurudi. Jina la mama lilikuwa limesomwa redioni siku kadhaa, asubuhi na jioni: mama yako ni mgonjwa sana, fika haraka. Mama aliliacha jembe pale pale kwenye tuta. Nilikwenda naye mimi, kwa miguu hadi barabara kuu kisha kwa basi.

Hale tulikuta majamvi ya msiba yamekwisha kukunjwa. Mjomba alimtazama mama, akaingia ndani. Mkewe ndiye aliyetukaribisha na kutupa maji, na ndiye aliyesema, wala hakuwa na nia mbaya.

"Tulitaka kumtuma mtu awafuate, wifi. Akatukataza. Alisema msihangaike, binti yangu ana redio, ameshasikia, yuko njiani." Akapokea kikombe mkononi mwa mama. "Siku ya mwisho hakukuulizia tena."

Mama aliketi chini, hapo hapo mlangoni, akalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena.

Tuliporudi, mwenyekiti alikuja kutoa pole na wajumbe wake. Alisema yote yanayosemwa, kwamba sisi sote ni wa Mungu na kwamba kijiji kizima kina huzuni. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, ameinamisha macho kwa heshima.

"Ahsante, ndugu mwenyekiti," akasema. "Na yale mawe, hayajaisha?"

Baba aliondoka, akaenda ofisini, akarudi na redio bila kumwomba mtu ruhusa. Akafungua kifuniko cha nyuma mbele yetu sote. Yale mawe yaliyoanikwa na kurudishwa, yakabaniwa yasiishe, yalikuwa yamevuja humo ndani na kuanza kula waya. Wajumbe waliaga. Mama alikivua kile kitambaa, akakifua, akakiweka sandukuni. Redio ilibaki kizingitini, na baba hakuthubutu kuiingiza ndani.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, na mara kwa mara, tukiwa wawili jikoni, aliniuliza kama bibi alijua kwamba hatukusikia. Kila mara nilimjibu kwamba alijua. Alikuwa akiitikia kwa kichwa, na baada ya miezi michache ananiuliza tena.