Mama Alinituma Kuangalia Kuta

Mama alinituma Ulaya kuangalia kuta. Wengine watacheka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mudogo wangu alinialika kule Vienne kwa ubatizo wa mtoto wake, na visa ilipotoka kila mtu hapa Bunia alikuwa na ombi lake: huyu simu, yule manukato. Mama aliomba kitu kimoja.

"Uangalie kuta zao. Kama zimenyooka vile mudogo wako alisema, utaniambia. Na kama hazikunyooka, utaniambia vilevile."

Nieleze sababu. Nyumba yake hapa mtaani Rwambuzi ilikuwa ya potopoto. Aliijenga na marehemu baba, na kuta alizikandika mwenyewe kama wanavyofanya kwao Boga: udongo, majivu, mavi ya ng'ombe, na kiganja kilichofunguliwa chote. Kabla ya kila Noeli tulikandika upya, yeye upande wake na mimi upande wangu, na jirani akiingia aliweza kusema huu ni mkono wa mama, huu wa binti. Kona hazikuwa kona, zilizunguka kama shingo ya mtungi. Sakafu ilipanda kidogo kuelekea mlango wa nyuma, na mudogo wangu alipojifunza kutembea alianguka kila mara palepale.

Huyo huyo ndiye aliyesema ibomolewe. Yeye hupiga simu Jumapili baada ya misa. Siku hiyo alisema: "Mama, huku hata mbwa hailale mu nyumba ya potopoto. Huku ukuta ni droit, sakafu ni droit. Watu wakiona foto ya kwetu, mimi nasikia haya."

Mama alikubali, na nadhani ni kwa lile neno moja, haya. Matofali yakaja, mabati ya manjanja yakapandishwa juu. Na lazima niseme: haivuji. Ile ya zamani ilivuja, na panya walikaa ndani ya kuta kama wapangaji. Sitaki kumuonea mtu. Ilibaki jiko la nje tu, la potopoto, nalo mudogo wangu alisema akija likizo litaanguka, aweke la simenti.

Kule Vienne alinipokea vizuri. Alininunulia koti, na kwenye ngazi zinazotembea zenyewe alinishika mkono mbele ya watu wote, mimi nikiwa nimekunja kikwembe changu kama mtu anayevuka mto. Ubatizo ulipokwisha akaniita kama tunavyomwita dada mkubwa: "Yaya, leo nakupeleka pahali napenda kupita zote mu huu mji."

Ilikuwa nyumba. Kwanza nilifikiri imeanza kuanguka. Madirisha hayakufanana, moja limeinama, jingine limeruka juu kidogo. Miti ilitoa matawi madirishani, miti ya kweli, na juu ya paa kulikuwa na majani yanayoota. Karibu yake kulikuwa na musée, nyumba ya kuonyesha picha, iliyojengwa kwa mtindo uleule. Tukaingia, na sakafu ikaanza kupanda na kushuka chini ya miguu yangu. Mguu wangu uliijua. Sijui kusema vizuri zaidi. Masomo yangu yaliishia primaire, na picha zilizokuwa zimetundikwa sikuzielewa zote. Zingine zilikuwa mizunguko tu, kama uji unaokorogwa. Lakini sakafu niliielewa.

Mudogo wangu alitembea mbele, macho yanang'aa. Alinieleza kwamba nyumba hizi zilitengenezwa zifuate udongo na miti, si rula. Kisha akaweka kiganja chake chote ukutani.

"Gusa, yaya. Hakuna kona. Mutu anapumua."

"Ukuta ya mama haikukuwa na kona," nikasema.

Akacheka. "Weye yaya! Ile ilikuwa umaskini. Hii, watu walichagua."

"Mama naye alichagua. Udongo aliifuata mwenyewe mu mabonde, ile ya muchanga aliikatala."

Tulitoka nje kurudi upande wa nyumba ile ya kwanza. Dirisha moja lililoinama lilifunguka, mama mmoja mzungu akakung'uta kitambaa cha meza, akalifunga.

"Kumbe watu wanalala mule?"

"Wanalala. Wengine wanatafuta nafasi, hawapate."

"Na wakati ulimwambia mama ile maneno ya mbwa, ulikuwa umekwisha kuona hii nyumba?"

Aliangalia viatu vyake. Angeweza kusema hapana, na mimi nisingejua kamwe. Namhesabia hilo kuwa jema.

"Nilianza kuja huku tangu nilifika," alisema. "Nikikumbuka kwetu, nilikuwa nakuja kusimama hapa."

Nilisikia baridi ndani ya lile koti zuri. Alikuwa na mahali pa kusimama. Mama yeye, akikumbuka nyumba yake, asimame wapi?

Siku ya kurudi, pale uwanja wa ndege, alinikumbatia kwa nguvu. "Yaya, mama akiuliza, umwambie ile ni musée tu. Usimwambie watu wanaishi ndani. Itamuumiza bure, nyumba imekwisha anguka."

Nilikaa na neno hilo njia nzima. Labda alikuwa na haki. Labda mimi ndiye niliyetaka mama aumie pamoja nami, nisiumie peke yangu.

Mama hakuuliza siku ya kwanza. Aliuliza tukiwa mu lile jiko, anatwanga sombe, yale majani ya muhogo.

"Sasa, zile kuta?"

"Nyingi zimenyooka, mama. Zingine hapana. Zingine ziko kama zako."

"Na watu wanalala ndani?"

"Wanalala."

Mchi ulisimama. "Yeye alijua?"

"Alijua." Kisha nikaongeza, maana ilikuwa kweli: "Alisema akikumbuka kwetu, anaenda kusimama pale." Hadi leo sijui kama nilisema hivyo kumtetea au kumshitaki.

Mama akaendelea kutwanga.

Jumapili iliyofuata, tulipotoka misa, alifanya jambo ambalo sijamwona akilifanya siku ya Bwana maisha yake yote. Alivua viatu, akafunga kikwembe cha kazi, akaanza kukandika jiko. Udongo na mavi ya ng'ombe alikuwa ameshaviandaa bila kuniambia. Simu yangu ikalia.

"Yaya, unipe mama."

Nikamnyooshea. Hakugeuka. "Umwambie mikono yangu iko na potopoto."

"Potopoto ya nini?" akauliza kule upande wa pili.

"Anakandika jiko."

Nilisikia mtoto wake analia nyuma. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, kama mama anakandika na kiganja chote.

Niliweka simu juu ya dirisha la jiko, bila kuikata, asikilize mwenyewe. Nikakunja mikono ya nguo, nikaanza upande wangu.