Ndara za Ukutani

Katika ua wa nyumba za Ngumbao, huko Maweni, Malindi, palikuwa na jozi ya ndara za buluu zilizotundikwa msumarini kando ya bomba. Hazikuwa za mtu. Zilikuwa za kamba. Aliyetaka kuanika nguo alizivaa, akaanika, akazivua, akazirudisha pale pale kwa ajili ya mwenzake. Mpangaji mpya akifika, kabla hajaonyeshwa choo kiko wapi, alionyeshwa ndara.

Kamba yenyewe ilikuwa waya wa chuma, upande mmoja umefungwa kwenye mwarubaini, upande wa pili kwenye ukingo wa paa la mabati. Ukiigusa miguu mitupu, inauma. Ndivyo walivyosema, "kamba inauma," vile mtu asemavyo mbwa wa jirani anauma. Wengine walisema ni jini wa kiwanja, alikuwapo kabla ya nyumba. Nyevu aliwauliza huyo jini mbona stima ikikatika naye hulala. Hawakupenda kumjibu Nyevu, maana ulimi wake ulikuwa kama wembe na yeye alijua.

Nyevu alikuwa mfua nguo. Alitoka Junju akiwa msichana, akaolewa Malindi, akaachwa Malindi, akabaki Malindi kwa sababu hakutaka kumpa yule mwanamume raha ya kusikia amerudi kwao. Alifulia watu wa mahoteli na walimu na yeyote mwenye nguo chafu. Kwa hiyo zile ndara alizivaa yeye kuliko watu wote, na kila alipozivaa alimtukana Ngumbao kimoyomoyo. Siku nyingine si kimoyomoyo.

Kisha mvua ikanyesha asubuhi moja, jua likatoka, ua ukabaki matope. Swafwan, mtoto wa jirani yake Tima, hata shule hajaanza, aliona leso ya mamake imeteleza kwenye kamba. Akapanda juu ya ndoo aitengeneze. Ndoo ikapinduka, mtoto akajishikiza kwenye waya, miguu yake ikagusa matope.

Hakulia. Hilo ndilo lililomtoa Nyevu bafuni, ule ukimya. Alimkuta mtoto ameng'ang'ania waya, meno yameumana, macho yamekodoka. Nyevu hakumshika. Aliukamata ufagio wenye mpini mkavu, akampiga mkononi kwa nguvu zake zote mpaka mkono ukaachia na mtoto akaanguka kwenye matope. Ndipo alipolia, na Nyevu hajawahi kusikia sauti tamu kama ile.

Hospitali walimtazama moyo, wakamfunga kiganja kilichoungua, wakasema ana bahati. Waliporudi, ua mzima ulikuwa umejaa watu wa pole. Na swali la kwanza, la kwanza kabisa, aliloulizwa Tima lilikuwa hili:

"Lakini mbona hakuvaa ndara?"

Nyevu alijibu kabla ya Tima. "Ndara zenyewe ziko msumarini, juu ya kichwa chake," alisema. "Na angezivaa, miguu yake yote miwili ingeingia ndara moja. Mmezoea mpaka mmekuwa wajinga."

Siku hiyo hiyo alikata matawi ya miiba akayapanga chini ya kamba yote, asisogee mtu. Kisha akampigia simu Ngumbao. Ngumbao alikuwa Mgiriama mwenzake, tena wa ukoo mmoja, mwenye malori huko Mariakani.

"Mwenehu," Ngumbao alisema, kwa ile sauti ya undugu ambayo Nyevu aliichukia, "pole ya mtoto. Lakini si niliwaambia mvae ndara?"

"Ulituambia. Mwite fundi."

"Fundi wa nini? Mimi kila nikija naishika kamba hiyo, hainifanyi kitu."

"Unaishika umevaa mabuti."

"Basi nanyi nunueni mabuti." Akacheka. "Wewe ni wa nyumbani, usinitie maneno kwa wapangaji. Jumamosi nitakuja nione huo umeme wenu, kama upo."

Kama upo. Nyevu aliyatafuna maneno hayo njia nzima mpaka sokoni, kwa Lewis, fundi wa redio.

"Nataka kile kidude cha kupimia stima," alimwambia. "Nataka kinionyeshe hesabu, mtu asiniambie ni jini."

Lewis alichomoa mita yake kuukuu kwenye mtoto wa meza, nyaya zake mbili zimejisokota. "Mama, hii si pasi, huwezi kuchomeka tu. Nimezika wanaume waliodhani wanaijua."

"Na mimi nitakuzika wewe ukinichelewesha. Nifundishe."

Akamfundisha. Kwanza azitazame nyaya, ziwe hazina ufa, maana shaba ikionekana ni yeye atakayepimwa. Ule mweusi uingie tundu lililoandikwa COM, mwekundu uingie tundu la V. Hilo tundu jingine, lenye 10A, asiliguse. "Ukichomeka pale kisha ukatia kwenye soketi, itakulipukia usoni." Kitufe akizungushe mpaka kwenye V yenye kiwimbi, na namba iwe juu ya volti za nyumba, mia saba na hamsini pale. Vidole vikae nyuma ya ukingo wa plastiki, visisogee kwenye ncha ya chuma. Viatu vikavu, mahali pakavu.

"Na mkono mmoja mfukoni," Lewis alisema. "Stima isipate njia ya kupita kifuani kutoka mkono huu hadi huu."

"Leso ina mfuko wapi?"

"Basi uweke mgongoni, kama askari wa gwaride. Waya mweusi utaubana kwa hiki kibanio kwenye chuma kilichochimbiwa ardhini, ujishike wenyewe." Akampa mita na kibanio. "Na kabla hujapima unachokitilia shaka, pima soketi unayojua ina moto wa stima. Ukimaliza, irudie ile soketi. Mita iliyokufa nayo husema sifuri, Mama. Watu wameamini sifuri hiyo wakafa."

Alimfanyisha pale pale, kwenye soketi ya kibanda, mpaka akaacha kukosea.

Jumamosi Ngumbao alifika, kofia kichwani, mabuti miguuni, yamefungwa kamba mpaka juu. Alisogeza miiba kwa mguu, akaushika ule waya kwa mkono mzima, akawageukia wapangaji.

"Haya. Nimekufa?"

Watu wawili watatu wakacheka, wale wa kucheka mwenye nyumba anapochekesha. Tima hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni kwake, mtoto amembeba mgongoni na bendeji yake.

Nyevu alitoka na mita. Ua ulikuwa umekauka, na miguuni alikuwa na raba kavu.

"Umekuwa fundi lini, wewe mfua nguo?" Ngumbao aliuliza.

"Tangu fundi wako alipokuwa kipofu. Sogea."

Alianza na soketi ya chumbani kwake, karibu na mlango, watu wakichungulia. Mia mbili na thelathini na nane. Alisoma kwa sauti. Akatoka. Kando ya bomba palikuwa na nondo iliyochimbiwa ardhini, ya kufungia mbuzi. Aliubana waya mweusi pale. Akarudi nyuma, akaweka mkono wa kushoto mgongoni, na kwa mkono wa kulia akaigusisha ncha nyekundu kwenye kamba ya kuanikia nguo za watoto wa watu.

"Mia mbili na kumi na moja," alisema. "Njoo usome mwenyewe."

Ngumbao alisoma. Akasoma tena. "Kadude ka sokoni haka. Kameharibika."

Nyevu alirudi kwenye soketi. Mia mbili na thelathini na nane, vile vile. Akaja akasimama mbele yake.

"Kama kimeharibika, vua mabuti."

"Nini?"

"Si umesema umeme haupo? Vua mabuti, simama pale bombani penye maji alipoanguka mtoto, ushike kamba. Sisi tumeishi hivyo miaka yote."

Hakuna aliyecheka sasa. Ua mzima uliyatazama mabuti ya Ngumbao. Naye aliyatazama. Aliinama kidogo, mkono ukafika kwenye kamba ya buti, na Nyevu, kwa hasira zake zote, akajikuta amesogea mbele kumzuia. Haikuhitajika. Mkono ulikaa pale kwenye fundo, haukufungua kitu. Alipoinuka hakumtazama mtu.

"Fundi wa karibu ni nani?" aliuliza.

"Zima swichi kuu kwanza," Nyevu alisema. "Fundi baadaye."

Fundi aliyekuja hakutafuta sana. Waya wa taa ya choo ulikuwa umepitishwa chini ya bati, bila bomba la plastiki. Bati likausugua kila upepo ulipovuma mpaka likaila ngozi yake. Paa zima lilikuwa na stima, na kamba iliyofungwa paani pia. Alivuta waya mpya, akaweka na ile swichi inayojikata umeme ukivuja. Ule waya wa chuma wa kuanikia ukang'olewa, ikafungwa kamba ya nailoni. Nyevu alipima soketi, akapima bati, akapima soketi tena. Bati lilisema sifuri, na safari hii sifuri ilikuwa ya kweli.

"Sasa mmeridhika," Ngumbao alisema.

Nyevu alizitungua zile ndara msumarini, akamtia mkononi. "Hizi zako. Zimekufanyia kazi ya fundi muda mrefu."

Ngumbao alikwenda nazo mpaka kwenye gari. Walimwona akitafuta pa kuzitupa, na kwa kuwa walikuwa wanamtazama, hakuzitupa.

Nyevu bado anaanika pale. Kila akifika bombani na beseni lake, mguu wa kulia hutangulia wenyewe kuipapasa ndara isiyokuwapo, na kila ukipapasa, hasira humpanda upya.